Mafuta Ambayo Baba Hakuyala

Kaka Shabani mpendwa,

Shikamoo. Mama amekaa hapa jikoni anamenya viazi huku ananitazama, na hata niwe na hasira na wewe kiasi gani, hawezi kukubali nikuandikie bila kukuamkia. Basi nimekuamkia. Marahaba yako sitegemei kuipata leo wala kesho.

Nimekupigia mpaka yule dada anayesema unayempigia hapatikani nimemzoea kama wifi. Siku ukipokea, unasema uko kwenye kelele, utapiga jioni, na jioni yako sijui huwa inaingilia wapi huko Dar es Salaam. Ujumbe unausoma, naona alama zimegeuka buluu, halafu kimya. Ndiyo maana nimeamua kuandika barua, na nimeiacha wazi makusudi. Nitamsomea Shangazi Zaina na wanawe, nitaiweka kwenye kundi la ukoo, na kila mwenye damu ya babu yetu aisome, awe hapa Vuga, awe Korogwe, awe popote alipo. Ukiona nimekuaibisha, utanisamehe tukionana.

Unakumbuka kisima? Usiniambie umesahau, maana ulikuwa ukinipiga vikofi kwa ajili yake. Baba akirudi kutoka shamba la kabichi kule bondeni, anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anavua mabuti yake ya mpira, ananyoosha miguu juu ya kigoda. Mimi na wewe tunakuja mbio. Wewe mguu wa kulia, mimi wa kushoto, na ole wangu nikigusa wa kwako. Tunabonyeza kwa kidole gumba kwenye muundi, tunashikilia, tunaachia, na pale palipobonyezwa panabaki shimo. Hicho ndicho kilikuwa kisima. Tunashindana kisima cha nani kitakawia kufukiwa. Siku moja ulichota maji kwa kikombe ukadondosha tone kwenye chako, likatulia humo humo, na wewe ukashangilia kama umechimbia kijiji kizima maji.

Baba alikuwa anacheka. "Chimbeni, chimbeni," anasema, "mkipata maji tutamwagilia kabichi." Mama anafoka kutoka jikoni kwamba tumwache mtu apumzike. Mimi nilidhani baba wote duniani wana visima. Nilipolala kwa Shangazi Zaina, nikambonyeza mume wake mguuni akiwa anasikiliza redio, na ngozi ikarudi palepale. Nilimwonea huruma mwanaume wa watu, nikaona amenyimwa.

Na yale mabuti, je? Kila baada ya muda Baba alikuwa akinunua mengine makubwa zaidi. Tukimuuliza, anasema ya zamani yamesinyaa kwa ajili ya maji. Baadaye akabadilisha, akasema viwanda vya siku hizi vinatengeneza viatu vidogo kwa uroho. Mzee mzima analaumu kiwanda, na sisi tunaitikia, ndiyo Baba, viwanda vya siku hizi. Sijui nani alikuwa mjinga zaidi katika nyumba ile.

Sasa nije kwenye mafuta, kwa sababu hapo ndipo wewe na mimi tulipoanza kugombana na bado hatujamaliza.

Ulikuwa umerudi nyumbani baada ya biashara yako ya spea kufa. Baba alikuwa ameanza kuchoka. Anapanda kutoka shambani na kusimama mara nyingi njiani, anajifanya anaangalia mawingu. Tukampeleka kupima. Mhudumu wa maabara akatuambia kwa upole kabisa kwamba mafuta mema kwenye damu ya mzee yako chini sana, hajawahi kuona yako chini namna ile, afadhali aonwe na daktari mkubwa. Mafuta mema, Kaka. Yako chini. Maneno hayo aliyasema mbele yako na mbele yangu. Wewe katika yote hayo ulisikia neno moja tu, mafuta, ukatoka pale umeshajiteua kuwa polisi wa sufuria.

"Kuanzia leo, Mama, nyumba hii haina samli," ulisema kabla hujavua koti. Samli ikaenda kwa jirani. Nyama ikaondoka. Nazi ikaondoka. Makande ya Baba yakawa ya kuchemsha, bila kitunguu cha kukaanga, bila chochote, meupe kama ya mgonjwa wa wodini. Ukawa unaonja mchuzi kabla hajapewa. Kisha ukaugeukia mparachichi.

Ule mti Baba aliupanda nyuma ya jiko mwaka uliozaliwa wewe. Unajua alivyokuwa akila: viazi vya moto, parachichi linapondwa humo humo, chumvi kidogo, halafu hasemi na mtu mpaka sahani iwe safi. Ulipomkataza, hakupigana nawe. Alisimama chini ya mti, akaushika kwenye shina, akakwambia, "Mgosi, mwanaume mwenzangu, mti huu nimeupanda mimi kwa mkono wangu." Ukamjibu, "Baba, ni kwa faida yako." Tangu siku hiyo akawa anaangua maparachichi na kuwagawia watoto wanaopita kwenda shule. Nilikuwa namwona akiwatazama wanavyokula. Bado linaniuma, nalisema waziwazi.

Tulipompima tena, mafuta mema yalikuwa yameshuka zaidi. Badala ya kujiuliza, wewe ukamkalisha mzee kama mwanafunzi mtoro.

"Baba, unakula wapi?"

"Nakula nini?"

"Mafuta."

Baba akaapa. "Wallahi, mwanangu, hata chapati sijaionja tangu mfungo."

Hukumwamini. Ukaenda stendi kuuliza kwenye mahoteli kama mzee Athumani huwa anapita kula supu. Ukamnusa vidole. Nilipokwambia hapohapo kwamba mzee hali kitu, kwamba kifua kimebaki mbavu na miguu ndiyo inayonenepa, ukasema namtetea kwa kuwa mimi ndiye ninayemletea chipsi kwa siri. Mimi! Ninayeamka na kuku kufunga karoti mafungu, nipate wapi nafasi ya kusafirisha chipsi?

Mwishowe alipovimba mpaka usoni, tukampeleka mjini kwenye hospitali kubwa. Wewe ulikuwa umeshaondoka kutafuta maisha, na sikulaumu kwa hilo. Nilikaa naye mimi. Walimtoa kipande kidogo cha figo kwa sindano wakakichunguza. Daktari akasema ndani ya figo kuna protini imeganda mahali isipotakiwa, na akauliza swali ambalo nitalikumbuka mpaka nife.

"Mzee, katika ukoo wenu kuna aliyewahi kufa kwa figo, au aliyevimba miguu namna hii?"

"Hapana," Baba akasema.

"Baba yako mzazi je?"

"Baba yangu alirogwa."

Daktari hakuandika kitu. Na mimi niliyekaa pale na akili zangu zote sikufungua mdomo, kwa sababu na mimi nilikuwa najua hivyohivyo. Nani katika ukoo huu hajui? Babu aligombana na mzee wa upande wa pili kwa sababu ya mpaka, migomba ikakatwa, yakasemwa maneno, na baada ya hapo babu akaanza kuvimba mpaka akafa. Kwa hiyo babu hakuwa ameugua. Alikuwa amerogwa, na aliyerogwa haingizwi kwenye hesabu ya wagonjwa. Kwa kosa hilo tu, ambalo nadhani halifanywi na watu wengine ila sisi wa huku mlimani tunaopenda sana mipaka yetu, daktari akarudishwa nyuma na jibu likatupita mbele ya macho. Baba akarudi nyumbani, akakataa habari ya kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na mvua za masika zilipoanza akatuacha.

Msibani ulikuwepo, lakini nakukumbusha kwa sababu nadhani ulicheka ukasahau. Bi Kibibi, mtani wa ukoo wetu, alikuja na vurugu zake kama ada. Akaona mabuti ya Baba yameegeshwa nje ya mlango wa nyuma, akayavaa. Akaanza kumwiga marehemu katikati ya waombolezaji. Anatembea miguu imeachana, anaiburuta, mkono kiunoni. Anasimama, anaangalia mawingu. Anakaa chini kwa mkoromo, anavua buti moja, anajibonyeza muundi kwa kidole gumba, anainama kuangalia shimo, anatikisa kichwa, anavaa tena. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka machozi mengine yakatoka. Wewe ulishika ukuta kwa kucheka. Alimpatia, sikatai. Mimi nilimwona Baba kabisa.

Shangazi Zaina peke yake hakucheka. Unajua Shangazi ni mkubwa kwa Baba, alimzika babu akiwa msichana mwenye akili timamu. Alisimama kwenye mkeka.

"Kibibi, huyo umemtoa wapi?"

"Si Athumani wenu huyu?"

"Huyo si Athumani. Huyo ni baba yangu mzazi."

Bi Kibibi akaacha utani wake. Akavua mabuti taratibu, akasema, "Shangazi, mimi nimefanya vilevile mama yangu alivyofanya kwenye msiba wa baba yenu. Nilikuwa mtoto, nilikaa palepale kwenye ngazi nikimtazama. Nilipoona Athumani anavyotembea siku hizi, nikasema, kumbe kazi yangu ilishafanywa zamani, nitairithi tu."

Watu wakacheka tena. Mimi niliingia ndani nikakaa juu ya gunia la viazi. Utani umerithiwa kwa mama, tena haukuhitaji kurekebishwa hata kidogo. Mwendo uleule, kusimama kulekule, na kidole gumba kilekile kwenye muundi.

Arobaini ikafika, nguo za marehemu zikagawiwa. Kanzu akapewa mtoto wa Shangazi, koti la baridi nikapewa mimi, na mabuti ukapewa wewe mtoto wa kiume. Ulikaa kwenye ngazi ya nyuma ukayavaa mbele ya watu wote. Ukasimama, ukakanyaga chini, ukacheka. Yalikukaa barabara. Mama alilia. Shangazi akasema mwenye nyumba amerudi, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele akasahau kwamba bado ni msiba. Na mimi nilifurahi, Kaka, Mungu ni shahidi. Ukaondoka nayo kwenda Dar es Salaam ambako hata hayana kazi, ukisema ni ya kukukumbusha mzee.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa daktari wetu wa hapa mlimani, yule binti ambaye wewe ulisema ni mdogo mno kumtibu mtu mzima. Nikamsimulia habari ya mtani. Nilijua ataniona mpuuzi. Aliweka kalamu chini.

"Dada, rudia hapo pa mtani," akasema.

Nikarudia. Hata kidole gumba nikamwonyesha.

"Na babu yenu hakuwa mgonjwa?"

"Tuliambiwa alirogwa."

Akashika kichwa. Hakunicheka wala hakunigombeza. Akasema anataka damu yangu. Majibu yaliporudi, mafuta mema yangu yalikuwa chini kama ya Baba. Mimi ninayekula parachichi, mayai na samli ya watu wote uliowanyima. Daktari akatuma damu nyingine mbali, nje ya nchi, tukangoja mpaka nikawa nasahau kwamba nangoja.

Sasa nakueleza alivyonieleza, na nakuomba mara hii usikie zaidi ya neno moja. Mafuta kwenye damu hayatembei yenyewe, yanabebwa. Kuna protini inayobeba yale mafuta mema. Fikiria wachukuzi wetu wanaopandisha matenga ya kabichi kutoka bondeni mpaka barabarani. Katika ukoo wetu mchukuzi huyu anatengenezwa na kasoro tangu tumboni mwa mama, bila kosa la mtu. Hana nguvu, hadumu, anaanguka njiani, na akianguka anaganda pale alipoangukia, kwenye figo, kwenye ini, hata kwenye moyo. Sisi tuliokaa barabarani tukaona kabichi ni chache, tukamkamata mkulima na kumnusa vidole, kumbe wachukuzi wamelala bondeni wameziba njia. Ugonjwa wenyewe daktari aliutaja, unaitwa amiloidi, na huu wetu ni wa kurithi. Yale mafuta mema kuwa chini ilikuwa ni dalili tu. Baba angekula samli ndoo nzima au asingeila kabisa, mchukuzi angekuwa ni yuleyule.

Kwa hiyo unaelewa sasa? Makande meupe yote yale yalikuwa ya bure. Mwenye mparachichi alinyimwa matunda yake bure. Aliapa kwa Mungu na alikuwa anasema kweli.

Na mimi ninao. Majibu ya nje ya nchi yalifika, daktari akanishika mkono akaniambia. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Nilipiga simu siku ile nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la nje, na wewe ulipokea, ukasema, "Hawa, niko kwenye kelele, nitakupigia jioni." Hiyo jioni naingoja mpaka leo, ndiyo sasa unasomewa habari hii pamoja na ukoo mzima.

Usianze kunililia. Figo zangu bado nzima kwa sababu tumejua mapema. Napimwa, presha inaangaliwa, chumvi nimepunguza, na dawa za maumivu zile za kununua ovyo dukani nimekatazwa kabisa, maana zinazimaliza figo ambazo tayari zina kazi. Dawa ya kung'oa ugonjwa huu kabisa hakuna, aliniambia bila kunificha. Lakini anayejulikana mapema anaweza kulindwa miaka na miaka, na anayejificha anakuja kubebwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba alificha bila kujua anaficha, naye nimemsamehe. Wewe unajua.

Jioni Mama ananipondea parachichi la mti wa Baba kwenye viazi vya moto. Nakula, na kila tonge lina hasira yake. Nina hasira na Baba kwa lile jibu lake la kurogwa. Nina hasira na sisi sote kwa kutoisalimia nyumba ya upande wa pili tangu enzi za babu, kwa uchawi ambao hawakuufanya. Mama alikwenda kwao juzi na kikapu cha mapeasi. Yule mzee wao wa sasa, mjukuu wa mchawi wetu, alipokea kikapu akauliza kama kuna msiba, maana hakuona sababu nyingine ya sisi kuvuka ule mpaka.

Lakini hasira kubwa ni yako. Nakwambia nenda ukapime, unaniandikia, "Mimi mafuta sili siku nyingi, niko fiti." Nakwambia si mafuta, unanitumia video ya mtu anakunywa maji ya ndimu. Nakwambia kila mtoto wa Baba ana nafasi sawa ya kupata au kukosa, mimi nimepata, wewe huenda umekosa, na mimi naomba kila swala uwe umekosa, unajibu kwa kidole gumba kimoja cha njano. Wifi amenieleza mgongo unakusumbua, na kwamba unatafuna dawa za maumivu kama karanga. Na una watoto, mmoja umempa jina la Baba. Jina umempa kwa kupenda, hayo mengine hakuna atakayekuomba ruhusa. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini wewe masikio yako ni mazima, nimeyavuta mwenyewe tulipokuwa wadogo.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini silali vizuri wakati mimi mgonjwa nimeshapata majibu yangu na nimeyazoea. Juzi, nikimsaidia Mama kupanga vitu stoo, nikakuta viatu vyako vya sekondari, vile vyeusi ulivyovaa mpaka unamaliza kidato cha nne, ukavivaa tena kwenye harusi yako. Namba nane. Mguu wako haujawahi kuzidi namba nane, Kaka, tulikuwa tunakutania kwa hilo.

Yale mabuti ya mwisho ya Baba nilimnunulia mimi, sokoni Lushoto, siku ya mvua. Muuzaji alilazimika kuyatafuta nyuma kabisa ya kibanda. Ni namba kumi.

Siku ya arobaini ulisimama kwenye ngazi ukakanyaga chini, na hayakupwaya. Kikapigwa kigelegele. Tukasema mwenye nyumba amerudi. Watu wazima wote wale, na Shangazi ambaye alikuwa ametoka kumtambua babu kwenye miguu ya mtani, na mimi hapo hapo, hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia miguu yako.

Basi nisikilize, sina maneno mengine. Kaa chini. Vua viatu, vyovyote ulivyovaa. Weka kidole gumba kwenye muundi wa kulia, ule uliokuwa wako, bonyeza kama tulivyokuwa tunabonyeza, shikilia, achia. Ngozi ikirudi palepale, nipigie, nitukane unavyotaka kwa kukuaibisha mbele ya ukoo, na mimi nitacheka mpaka nilie. Kisha nenda ukapime damu vilevile, kwa ajili yangu.

Kisima kikibaki, usinipigie. Panda gari uje. Daktari yupo, Mama ameshatandika kitanda chako, na mparachichi umezaa sana mwaka huu. Utakula. Hakuna atakayekuonjea sahani.

Mdogo wako, mwenye mguu wa kushoto,
Hawa